Don Pringle, mrushaji wa timu iliyochapwa zote

Wewe wa Kibera ama Kawangware unayecheza kriketi, lishike hili jina: Don Pringle. Alizaliwa Uingereza 1932, akaja kuishi Nairobi, kazi yake kutengeneza bustani. Kombe la Dunia la kwanza, 1975, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ziliunda timu moja, Afrika Mashariki. Don akawa mmoja wa warushaji. Walichapwa mechi zote tatu. Oktoba hiyohiyo, akitoka mechi ya ligi Nairobi, alikufa kwa ajali ya gari, miaka 43 tu. Mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, alichezea Uingereza fainali ya 1992. Halafu 1996 Kenya, sasa ikiwa peke yake, ikaangusha West Indies. Kwa hivyo timu ya mtaa ikichapwa leo, kesho rudi uwanjani.