SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: KUTOKA NGOMENI HADI KWENYE KALAMU



Mwezi huu wa Ramadhan ndio mwezi ambao jamaa hukutana. Baada ya futari wazee hukaa barazani na hapo ndipo vijana husikia habari za babu zao: fulani alitoka Oman, fulani Hadhramaut, fulani Ngazija, fulani Baluchistan. Ni habari tamu, lakini zina hatari yake. Wako vijana ambao wakishajua babu yao alikuwa nani huona basi, kazi imekwisha. Kuchuma hawachumi, kusoma hawasomi, wameshikilia jina tu. Kwa sababu hiyo tumeona tuwaletee maisha ya mtu ambaye alizaliwa na jina kubwa kabisa hapa Mombasa, na hakulitegemea jina hilo.

WALIKOTOKA

Mazrui asili yao ni Oman. Waoman waliitoa Ngome ya Mombasa mikononi mwa Wareno mwaka 1698, na katika karne ya 18 utawala wa Oman ukawaweka Mazrui kuwa maliwali wa mji. Huko Oman ufalme ulipotoka kwa Yaarubi ukaingia kwa Albusaidi katika miaka ya 1740, Mazrui wa Mombasa walikataa kuwatii watawala wapya. Wakajitawala. Bendera yao ilipepea hapa muda wa miaka karibu mia.

Lakini mgeni hatawali peke yake. Mazrui walisimama kwa sababu walisikizana na Thenashara Taifa, yaani wenyewe wa mji, na majirani zao Mijikenda. Wakaoa hapa, wakazaa hapa. Kiarabu kikabaki kuwa lugha ya vitabu na barua, na nyumbani watoto wakasema Kiswahili cha mama zao. Hata madhehebu yalibadilika kidogo kidogo: walikuja wakiwa Ibadhi, na wengi wa wajukuu wao wakawa Shafi kama watu wa pwani waliowazunguka.

Utawala huo uliisha mwaka 1837. Sayyid Said bin Sultan aliingia Mombasa, wakubwa wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni Bandar Abbas, nchi ya Uajemi. Wengi wao hawakurudi. Waliosalia walitawanyika, tawi moja likakaa Takaungu na jingine Gazi. Mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana na Waingereza, naye akashindwa mwaka uliofuata. Hapo ukoo huu ukawa hauna tena ngome wala mizinga. Basi swali likawa: watabaki na nini?

BABA ALIYECHAGUA ELIMU

Jibu lilikuwa limeshaanza kutolewa na mzee mmoja wa ukoo huo, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi. Yeye alizaliwa mwaka 1825, na Mombasa ilipoanguka alikuwa kijana wa miaka kumi na miwili hivi. Hakuandama vita. Alikwenda kusoma Makka, akarudi na elimu, akasomesha na kuandika vitabu. Msimamo wake katika mambo ya madhehebu ulimtia matatani na Sayyid Barghash wa Zanzibar, akafungwa. Alifunguliwa mwaka 1888, baada ya Sayyid Barghash kufa.

Sheikh Ali alipata mtoto uzeeni, tarehe 27 Januari 1891, akamwita Al-Amin. Mwaka 1894 Sheikh Ali akafariki. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, hata sura ya babake sijui kama aliikumbuka.

YATIMA ALIYELELEWA NA VITABU

Hapa tutazame vizuri, ndugu zangu. Jamaa hawakumuacha yatima yule. Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, mwanachuoni ambaye baadaye alifika kuwa Kadhi Mkuu, alimchukua akamlea na kumsomesha. Kijana akapenda vitabu kupita kiasi. Halafu akavuka kwenda Zanzibar kusoma kwa masheikh wawili ambao kila mtu wa pwani aliwajua: Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija, na Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu. Wote wawili nasaba zao zilitoka Hadhramaut. Kwa hivyo mjukuu wa Waoman alipata elimu yake kwa wajukuu wa Wahadhrami, na darasa lao lilikuwa la Waislamu wote. Hiyo ndiyo iliyokuwa pwani yetu.

KALAMU MKONONI

Sheikh Al-Amin alipokuwa mtu mzima aliitazama Mombasa akahuzunika. Serikali ilikuwa ya Waingereza. Shule nzuri zilikuwa za wamishonari. Waislamu wengine waliwazuia watoto wao wasisome elimu ya kisasa kwa kuogopa wataacha dini. Wengine walikimbilia kila cha Mzungu, mpaka mavazi na ulevi. Na katikati watu walikuwa wakikopa na kuuza mali zao ili wafanye arusi za kujionyesha.

Yeye alikuwa akisoma majarida yaliyotoka Misri, hasa Al-Manar ya Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Aliona kuwa matatizo ya Mombasa na ya Kairo ni ndugu. Ila alijua pia kwamba watu wa hapa hawatasaidika kwa Kiarabu peke yake. Mwaka 1930 akatoa As-Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili. Mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Baadhi ya makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Aliandika nini? Aliwaambia Waislamu wasome dini yao waifahamu, na pia wasome hesabu, sayansi na lugha za kigeni. Aliwatetea watoto wa kike wasomeshwe. Aliwakemea waliomuiga Mzungu katika mambo ya upuuzi wakaacha bidii yake ya kazi. Alipinga mambo aliyoona yamezuliwa katika dini, na hapo wako wanavyuoni wenziwe waliomkasirikia. Alivumilia, akaendelea kuandika.

Mwaka huo huo wa 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake mwenyewe, na kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Alianza pia kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, lakini ajali ilimtangulia. Alifariki tarehe 1 Aprili 1947, akiwa na miaka 56. Allah amrehemu.

ALICHOACHA

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema mwenye kumuombea. Tutazame.

Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, wote walikuja kuwa Makadhi Wakuu wa Kenya. Sheikh Farsy ndiye aliyetoa tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1969, ile ambayo iko katika nyumba nyingi za Waislamu mpaka leo.

Mtoto wake Ali alikuwa na miaka 14 babake alipofariki. Mzee alitamani aende Al-Azhar, lakini njia yake ikawa nyengine: Uingereza, Makerere, kisha Marekani, akawa profesa anayejulikana dunia nzima. Naye akawa mhamiaji kama babu zake, ila safari hii kutoka Mombasa kwenda nje. Mwaka 1986 alitengeneza filamu za televisheni kuhusu Mwafrika na urithi wake wa aina tatu: wa Kiafrika, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Ukifikiri, hiyo ilikuwa ni habari ya nyumba aliyozaliwa. Alifariki Marekani mwaka 2014, akaletwa kuzikwa Mombasa, kwenye makaburi ya ukoo wake karibu na ile ile Ngome.

MAFUNZO

Kwanza, utawala huondoka. Ngome ya Mazrui ilichukuliwa siku moja, lakini elimu ya Sheikh Ali haikuweza kuchukuliwa hata alipofungwa jela.

Pili, nasaba ni ya kutambuana na kuunga udugu. Kwa Mwenyezi Mungu aliye bora ni mwenye taqwa, awe alikuja kwa jahazi au alizaliwa chini ya mnazi huu huu.

Tatu, wazazi wenzangu, tusingoje watoto wakue. Yatima wa miaka mitatu alipata mtu wa kumshika mkono. Je, katika mtaa wako ni yatima gani anayengoja mkono wako Ramadhan hii?

Na wewe kijana, usiku baada ya tarawehe muulize babu au bibi habari za ukoo wenu. Akimaliza kukuhadithia walikotoka, muulize pia waliacha nini. Kisha jiulize na wewe utaacha nini.

Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu na awarehemu wazee wetu waliotutangulia. Amin.