Abu Nasr al-Farabi na Kipimo cha Uzi

Kila aliyepata kusikiliza endingidi huku Nalufenya na Busoga kwa jumla anaijua taabu yake: uzi ni mmoja, hapana alama ya kumwonyesha mpigaji pa kugusa, na kidole kikisogea kwa upana wa punje ya mtama sauti hupotoka. Taabu hiyo aliichunguza zamani Abu Nasr al-Farabi, aliyezaliwa karibu na mwaka 870 katika Farab, Asia ya Kati, akasoma Baghdadi. Aliitwa Mwalimu wa Pili, wa kwanza akiwa Aristotle.

Katika Kitab al-Musiqa al-Kabir alizitaja ala ambazo nyuzi zake husuguliwa kwa nyuzi nyingine, akaonyesha mahali pa vidole juu ya rababu na namna ya kuipatanisha na udi. Wafuasi wa Pythagoras walitegemea hesabu hata wakadai kwamba sayari hutoa sauti. Yeye, mpigaji stadi, alilikataa dai hilo. Kwake mazoezi ya mkono na sikio yalitangulia, elimu ikafuata kuyaeleza.

Kwamba aliwachekesha watu, akawaliza, kisha akawalaza kwa ala yake, ni kisa tu. Mwishoni alihifadhiwa na Sayf al-Dawla, amiri wa Halab, akafariki Damaski mwaka 950.