Curt Richter: Mtafutaji wa Saa ya Mwili

Curt Paul Richter alizaliwa mwaka wa 1894 mjini Denver, Marekani, katika familia ya wahamiaji kutoka Ujerumani. Baba yake, aliyekuwa mhandisi, alifariki Curt angali mtoto. Kijana huyo alisomea uhandisi Dresden, Ujerumani, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto alirejea Marekani, akahitimu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1917.

Mwaka wa 1919 alijiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, kwa mwanasaikolojia John B. Watson. Wakati huo, Watson na wafuasi wake walichunguza jinsi mnyama anavyoitikia anapochokozwa. Richter aliuliza swali tofauti: mnyama hufanya nini anapoachwa peke yake? Aliwaweka panya vizimbani, akarekodi miendo yao na kubaini kwamba walikula, walikimbia na kupumzika kwa mpango maalumu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mada ya tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka wa 1921.

Aidha, Richter alichunguza tezi zinazotoa homoni. Mwaka wa 1936 alionyesha kwamba panya walioondolewa tezi zilizo juu ya figo, ambao kwa kawaida hufa kwa kupoteza chumvi, walijichagulia maji ya chumvi wakaishi. Mwaka wa 1940, yeye na daktari Lawson Wilkins walichapisha kisa cha mvulana wa miaka mitatu na nusu aliyekuwa akila chumvi kwa pupa. Alipolazwa hospitalini, alipewa chakula cha kawaida, na baada ya siku saba akafariki. Uchunguzi wa maiti ulibainisha kwamba tezi zake hizo zilikuwa na kasoro. Ulafi uliowashangaza watu wazima ndio uliokuwa ukimhifadhi hai.

Hata hivyo, swali lililomwandama Richter maisha yake yote lilikuwa moja: saa ya mwili iko wapi? Aliwapofusha panya ili wasiuone mwanga, lakini kila mmoja aliendelea na mzunguko wake, akitofautiana na saa 24 kwa dakika chache tu. Akaziondoa tezi moja baada ya nyingine, zikiwemo za juu ya figo, za shingo na za uzazi. Saa haikusimama. Majaribio hayo yangezua maswali mazito ya maadili leo. Ila jibu lake lilikuwa bayana. Homoni hupanda na kushuka kwa kufuata saa, lakini si tezi hizo zinazoiendesha. Hatimaye, mwaka wa 1967, alieleza kwamba saa hiyo huvurugika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi inapojeruhiwa.

Mahali penyewe hasa palitambuliwa mwaka wa 1972 na makundi mawili ya watafiti wengine wa Marekani: ni vifundo viwili vidogo vilivyo juu ya makutano ya neva za macho. Richter, aliyekuwa amewapunguzia eneo la kutafuta, alifariki mwaka wa 1988 akiwa na umri wa miaka 94. Mtafutaji hachoki, walisema wahenga. Na kujua kitu hakiko wapi ni sehemu ya kukipata.