John Henry Lloyd, Mchezaji wa Besiboli

Katika nchi ya Marekani upo mchezo upendwao sana, uitwao besiboli. Mtu mmoja huutupa mpira mdogo mgumu, na mwingine wa upande wa pili huungoja kwa gongo aupige. Akiisha kuupiga hukimbia kutoka kituo hata kituo, navyo ni vinne, na kati ya kimoja na kinachofuata pana futi 90. Walinzi wakiupata mpira na kuufikisha kituoni kabla yake, basi ametoka. Mlinzi asimamaye kati ya kituo cha pili na cha tatu huitwa shotistopu. Kazi yake ni ngumu, kwa kuwa mipira mingi huja upande wake, tena kwa kasi, ikirukaruka chini.

John Henry Lloyd, mtu mweusi, aliijua kazi hiyo kuliko wengi waliopata kuifanya. Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1884, katika mji wa Palatka, jimbo la Florida. Baba yake alikufa yeye akingali mchanga, akalelewa na bibi yake. Shule aliiacha mapema, akawa mtoto wa duka, kazi yake kuwapelekea wanunuzi vitu vyao.

Mwaka ule aliozaliwa, mtu mweusi mwingine, Moses Fleetwood Walker, alicheza katika ligi kubwa pamoja na Wazungu. Lakini baadaye wenye timu walipatana kuwafungia mlango watu weusi wote. Katika ligi kubwa mapatano hayo hayakuandikwa, nayo yalidumu karibu miaka 60. Kwa hiyo watu weusi wakaunda timu zao wenyewe, na humo ndimo Lloyd alimocheza.

Mwaka 1905 alikuwa katika timu ya Macon, jimbo la Georgia, naye alikuwa mdakaji, akaaye nyuma ya mpigaji. Timu ile ilikuwa maskini, hata haikuwa na kinyago cha kumkinga uso. Husimuliwa kwamba mipira ilimpiga hata macho yakavimba, na kesho yake akaja amejifunika uso kwa kikapu cha waya. Mwaka uliofuata akaenda kaskazini, na huko ndiko alikokuwa shotistopu.

Akacheza Philadelphia, na Chicago, na New York, na miji mingine. Hakukaa sana mahali pamoja. Palipokuwa na mshahara mzuri ndipo alipokwenda, wala si ajabu, kwani timu nyingi za watu weusi zilikuwa na fedha leo na kesho hazina. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole wa maneno. Gongo alilishika kwa mkono wa kushoto, na mpira aliutupa kwa mkono wa kulia.

Wakati wa baridi alivuka bahari kwenda kisiwa cha Kuba. Watu wa huko walimwita El Cuchara, maana yake Kijiko, kwa sababu aliuchota mpira pamoja na mchanga. Mtu ang'oapo karanga huinua karanga na udongo pamoja. Ndivyo alivyofanya Lloyd, mpira ukaruka mkononi mwake na vumbi likiufuata. Mwaka 1910 timu ya Detroit ya ligi kubwa ilikwenda Havana, naye Ty Cobb, mpigaji hodari kuliko Wazungu wengi wa siku zile, alikuwamo. Cobb alisifiwa kwa kuviingia vituo miguu mbele, na viatu vyake vina meno ya chuma. Husimuliwa kwamba Lloyd alificha vyuma ndani ya soksi zake, akamngoja kituoni bila hofu, na Cobb akatolewa. Katika michezo ile Lloyd alipiga vizuri kupita Cobb mwenyewe. Hata hivyo waliporudi Marekani, Cobb aliingia katika ligi kubwa, na Lloyd akabaki nje.

Honus Wagner, shotistopu mashuhuri wa Wazungu, aliambiwa kwamba watu humlinganisha na Lloyd. Akasema ni heshima kwake.

Lloyd aliacha kulipwa kwa kucheza mwaka 1932, karibu na umri wa miaka 50. Kisha akakaa Atlantic City, akafanya kazi ya kufagia na kutunza majengo, kwanza ya posta, kisha ya shule, na watoto walimpenda sana. Alikuwa na miaka 62 mlango ulipofunguliwa mwaka 1947, akaingia Jackie Robinson, kijana ambaye miaka miwili nyuma alikuwa shotistopu wa timu ya watu weusi. Mwaka 1949 mji ukajenga uwanja, ukaupa jina la Lloyd. Siku ile aliulizwa kama anasikitika kuzaliwa mapema mno. Akajibu kwamba hasikitiki.

Alikufa mwaka 1964. Mwaka 1977 jina lake liliwekwa Cooperstown, katika nyumba ya kuwakumbuka wachezaji bora. Mwaka 2020 wakuu wa besiboli walikiri kwamba ligi za watu weusi za mwaka 1920 hata 1948 zilikuwa ligi kubwa kama nyingine. Bali miaka mingi ya nguvu za Lloyd ilikuwa imepita kabla ya 1920.