Charles Parsons na Viputo vya Maji

Charles Parsons alizaliwa London mwaka wa 1854. Baba yake alikuwa mtu mkubwa wa nchi ya Ayalandi, mwenye mali na elimu ya nyota. Charles alifundishwa nyumbani, kisha akasoma hesabu Cambridge. Ajapokuwa mwana wa bwana mkubwa, hakuona haya kwenda Newcastle kujifunza ufundi kiwandani kama mwanagenzi.

Mwaka wa 1884 alibuni turbini, mashine ambayo mvuke hupiga mapanga yake mengi madogo na kuyazungusha upesi mno. Mwaka wa 1894 aliitia turbini katika chombo chembamba, akakiita Turbinia. Lakini chombo kilikwenda polepole kuliko alivyotumaini. Mashine ilikuwa na nguvu nyingi, nazo zilipotea majini. Je, zilipotelea wapi?

Parsons hakutaka kubahatisha. Mwaka wa 1895 alitengeneza tangi dogo lenye kioo, akatia ndani yake rafadha ndogo, yaani mapanga yasukumayo chombo. Akajaza maji yaliyokaribia kuchemka, maana maji hayo hutoa viputo kwa urahisi. Alipomulika taa, aliviona viputo vikiizunguka rafadha.

Sababu yake ni hii. Rafadha izungukapo upesi kupita kiasi, mgandamizo wa maji nyuma ya mapanga hupungua sana, hata maji baridi hugeuka mvuke, na hewa iliyomo majini hutoka. Basi mapanga hukamata viputo badala ya maji, na chombo hakisukumwi vema. Tena viputo hivyo, vikibonyea ghafula, hupiga kwa nguvu hata kula chuma.

Hapo Parsons aliondoa rafadha moja, akatia tisa katika mihimili mitatu, ili kazi igawanyike. Chombo kikafikia maili 34 za baharini kwa saa. Tarehe 26 Juni 1897 manowari zilikusanyika Spithead kumheshimu Malkia Victoria, aliyetimiza miaka 60 ya kutawala. Turbinia ikapita kati yao mbio, na mashua za ulinzi hazikuipata. Mwaka wa 1906 manowari kubwa Dreadnought ikashuka majini, ikiwa na turbini.

Parsons alifariki mwaka wa 1931. Turbinia imehifadhiwa Newcastle hata leo. Na viputo vilivyomtaabisha sasa vina kazi: mafundi huvitokeza majini kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na masikio ya binadamu, navyo husafisha vyombo vya matabibu. Hivyo adui aliyetazamwa vema amekuwa mtumishi.