Ona Judge, Mtoro wa Nyumba ya Rais

Wanafunzi wa sekondari wakisomeshwa habari za George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, huambiwa kuwa aliipigania nchi yake mpaka ikawa huru. Ni haki yao kuambiwa pia habari za kijakazi aliyemtoroka.

Ona Judge alizaliwa yapata mwaka 1773 Mount Vernon, Virginia, shambani kwa Washington. Mamake, Betty, alikuwa mtumwa mshonaji. Babake alikuwa Mwingereza, mshoni wa nguo. Kwa sheria ya huko mtoto alifuata hali ya mamake. Tena Ona hakuwa mali ya Washington hasa, bali ya urithi wa marehemu mume wa kwanza wa Bibi Martha, mke wa Rais. Msomaji alishike hilo.

Mwaka 1790 serikali ilihamia Philadelphia, na Ona akachukuliwa kumtumikia bibi yake. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 ilimpa mtumwa wa mgeni ruhusa ya kudai uhuru akikaa jimboni zaidi ya miezi sita. Washington alifanyaje? Muda ukikaribia, watumwa hutolewa nje ya jimbo kidogo, kisha hurudishwa, hesabu ikaanza upya. Hila tupu!

Mwaka 1796 Ona akapata habari kuwa atatolewa zawadi kwa mjukuu wa Bibi Martha, mwanamke aliyesifika kwa ukali. Tarehe 21 Mei, wenyeji wakiwa mezani wanakula, alitoka asirudi. Magazeti yakatangaza dola 10 kwa atakayemrudisha. Kwetu pwani watoro walikimbilia bara, Fuladoyo na Makongeni. Yeye alishika bahari, ndani ya chombo "Nancy", hadi Portsmouth, New Hampshire. Jina la nahodha, John Bowles, alilificha mpaka mwenyewe alipokufa, asije akaadhibiwa.

Lakini alionekana. Mkuu wa forodha, Joseph Whipple, akatakiwa amrudishe kimyakimya. Ona alikuwa tayari kurudi, ila aahidiwe kuachwa huru mabwana zake wakifa. Washington akakataa kupatana naye.

Mwaka 1797 aliolewa na Jack Staines, baharia mweusi aliye huru. Mwaka 1799, mume yuko safarini, akaja Burwell Bassett, mpwa wa Bibi Martha, amchukue kwa nguvu pamoja na mtoto wake. Habari zikamfikia mapema. Akambeba mtoto akakimbilia Greenland, mji wa jirani.

Desemba mwaka ule Washington alikufa, ameusia watumwa wake waachwe huru. Ona hakuwamo, kwa kuwa ni wa urithi ule. Wala watoto wake watatu, ijapokuwa baba yao ni huru.

Aliishi kwa dhiki, mume na mabinti wawili wakamtangulia. Uzeeni, amekwisha kujua kusoma, wageni walimwuliza kama anajuta kuyaacha maisha ya nyumba ya Rais. Akasema hajuti. Alikufa tarehe 25 Februari 1848, pasi na hati ya kuachwa huru.