James Garfield: Rais aliyeponzwa na mikono ya waganga wake

Risasi iliyompata Rais wa 20 wa Marekani, James Garfield, Julai 2, 1881, haikumuua siku ile. Aliishi siku 79 zaidi, na wanahistoria wengi wa tiba wanaamini kuwa kilichomwangamiza ni maambukizi yaliyoingizwa jerahani na wale waliotaka kumponya.

Kutoka kibandani hadi Ikulu

Garfield alizaliwa Novemba 19, 1831, katika kibanda cha magogo jimboni Ohio. Baba yake alifariki dunia kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, na mama yake, Eliza, akamlea katika ufukara. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye mashua za mfereji, kisha akasoma hadi kuhitimu Chuo cha Williams mwaka 1856, na baadaye akawa mkuu wa shule huko Hiram.

Mwaka 1859 alichaguliwa kuingia Seneti ya jimbo mjini Columbus. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, aliongoza kikosi cha 42 cha Ohio, ambacho baadhi ya askari wake walikuwa wanafunzi wake. Desemba 1861 aliitwa Louisville na Jenerali Don Carlos Buell, akapewa jukumu la kuwatimua waasi mashariki mwa Kentucky. Ushindi wa Middle Creek, Januari 1862, ulimpatia cheo cha ujenerali.

Baada ya miaka 17 katika Baraza la Wawakilishi, ambako alitetea haki ya watu weusi kupiga kura, aliapishwa kuwa Rais Machi 4, 1881.

Elimu iliyopuuzwa

Wakati huo njia ya kuzuia vidonda visioze ilikwisha kujulikana. Daktari Mwingereza Joseph Lister alianza kutumia asidi ya kaboliki mjini Glasgow mwaka 1865, na mwaka 1876 alikwenda mwenyewe Philadelphia kuwaeleza madaktari wa Marekani. Wengi wao hawakushawishika.

Garfield alipigwa risasi katika kituo cha treni mjini Washington na Charles Guiteau, mtu aliyenyimwa cheo serikalini. Pale pale kituoni, madaktari walitia vidole visivyooshwa ndani ya jeraha wakiitafuta risasi. Daktari Willard Bliss, aliyeshika usukani wa matibabu, aliendelea na msako huo upande wa kulia wa mwili. Hata Alexander Graham Bell aliletwa na chombo chake cha kutambua chuma, bila mafanikio.

Usaha ulienea. Mgonjwa aliyekuwa na uzito wa zaidi ya kilo 90 alikonda hadi takriban kilo 60. Alifariki dunia Septemba 19, 1881, huko Elberon, New Jersey, akiwa na umri wa miaka 49.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa risasi ilikuwa imetulia upande wa kushoto, ikiwa imezingirwa na kovu. Mfereji ambao madaktari walidhani ni njia ya risasi ulikuwa mfereji wa usaha.

Mahakamani, Guiteau alidai kuwa waliomuua Rais ni madaktari. Dai hilo halikumwokoa: alinyongwa Juni 30, 1882.

Funzo lililobaki

Septemba 1901, Rais mwingine kutoka Ohio, William McKinley, alipigwa risasi mjini Buffalo. Kanuni za usafi zilikuwa zimekwisha kukubalika, lakini alipasuliwa kwa haraka, mwanga ukiwa hafifu, na akafa siku nane baadaye kwa jeraha lililooza ndani.

Leo mwanafunzi wa uuguzi, awe Dar es Salaam au Louisville, hufundishwa mapema kunawa mikono kabla ya kugusa kidonda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasisitiza pia kumwogesha mgonjwa kabla ya upasuaji na kutomnyoa nywele kwa wembe. Mambo hayo ni mepesi kuyakariri kwa ajili ya mtihani. Waganga wa Garfield nao walikuwa wamesikia habari za Lister. Kasoro ilikuwa kwamba hawakuyatenda waliyoyasikia.